John McGeoch, mpiga gitaa kutoka Greenock: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi hulikuta jina la McGeoch kwa mzunguko: wanamsikia Johnny Marr wa The Smiths akimsifu, au wanasoma kwamba Radiohead walimsikiliza sana, kisha wanauliza huyu ni nani na mbona hawajawahi kumsikia. Majibu haya ni kwa ajili yao.

John McGeoch alikuwa nani?

Mpiga gitaa Mskoti wa posti-panki, aliyezaliwa Greenock tarehe 25 Agosti 1955, akafariki usingizini tarehe 4 Machi 2004 akiwa na miaka 48. Kati ya 1977 na 1992 alipitia bendi tano zenye majina: Magazine, Visage, Siouxsie and the Banshees, The Armoury Show na Public Image Ltd. Kila alikoingia, bendi ilibadilika sauti. Lakini hakuna hata moja iliyokuwa yake. Mbele yake daima alisimama mwimbaji ambaye magazeti yalimtaka yeye kwanza: Howard Devoto, Steve Strange, Siouxsie Sioux, Richard Jobson, John Lydon. Ndiyo maana kuna watu wamecheza kazi zake miaka nenda rudi na hawajawahi kulitamka jina lake.

Greenock ndiko alikojifunzia muziki?

Alianza huko. Greenock ni mji wa bandari kwenye mto Clyde, magharibi mwa Glasgow, mji wa wajenzi wa meli na viwanda vya sukari. Alishika gitaa akiwa na miaka 12, akawa anaiga blues kama walivyoipiga Waingereza wa wakati ule, huku Eric Clapton na Jimi Hendrix wakiwa walimu wake kupitia santuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 familia ilihamia Essex, karibu na London, na mwaka 1975 akaenda Manchester kusomea sanaa za uchoraji katika Manchester Polytechnic. Kwa hiyo kuzaliwa ni Uskoti, ila kazi yake yote ni ya Manchester na London.

Hiyo blues ya utotoni ni muhimu kuijua, kwa sababu sehemu kubwa ya ufundi wake ilikuwa kuikwepa. Aliijua vizuri kiasi cha kujua nini asipige.

Posti-panki ni nini hasa?

Panki ya 1976 na 1977 ilivunja mlango: nyimbo fupi, kodi tatu (yaani mishiko mitatu tu ya gitaa), hasira nyingi. Waliofuata walibaki na ule uhuru lakini wakachoka na zile kodi tatu. Wakachanganya dabu (rege ya Jamaika iliyochezewa studioni), funk, disko, vinanda vya umeme, na mambo waliyoyasoma vyuoni. Hilo ndilo kundi linaloitwa posti-panki.

Kwa mpiga gitaa kulikuwa na mtego ndani yake. Solo ndefu ya roki ilikuwa imepigwa marufuku kimyakimya. Ukijaribu kujionyesha unaonekana mzee. Wengi walitatua tatizo hilo kwa sababu hawakujua kupiga, basi walichopiga kikawa kigeni chenyewe. McGeoch alijua kupiga, tena sana, akaamua kuyatia maarifa yote ndani ya wimbo badala ya kuyasimamisha juu yake.

Aliingiaje Magazine?

Kwa bahati ya chumba. Manchester aliishi nyumba moja na Malcolm Garrett, mwanafunzi wa usanifu ambaye baadaye alibuni majalada ya Buzzcocks, bendi ya panki ya Manchester, na ya Magazine yenyewe. Howard Devoto alikuwa ameiacha Buzzcocks mapema 1977, mara tu baada ya ile singo yao ya kwanza ya nyimbo nne, na alikuwa anatafuta watu. Garrett akamwambia kwamba kuna mwenzake anajua gitaa. Aprili 1977 wakakutana.

Bendi ilipokamilika ilikuwa na Barry Adamson kwenye besi, kijana wa mtaa wa Moss Side hapo Manchester, Dave Formula kwenye vinanda, na Martin Jackson kwenye dramu, ambaye baadaye alipokewa na John Doyle.

Ni kweli kwamba mzunguko wa gitaa (kile kipande kinachorudiwa) wa "Shot by Both Sides", singo ya kwanza ya Magazine, si wa McGeoch?

Ni kweli, na yeye hakuwahi kuudai. Ule mzunguko unaopanda ni wa Pete Shelley wa Buzzcocks, aliyempa Devoto, na Buzzcocks wenyewe wakautumia katika "Lipstick", upande wa pili wa singo yao ya Novemba 1978. Ukizisikiliza nyimbo hizo mbili mfululizo utaelewa McGeoch aliongeza nini: uzito, kasi, na ukali ambao kwa Shelley ulikuwa utani mtamu.

"Shot by Both Sides" ilitoka Januari 1978. Ilifika namba 41 kwenye chati za Uingereza, nje kidogo tu ya 40 bora. Bendi iliitwa Top of the Pops, kipindi cha muziki cha televisheni ya BBC, na Devoto akasimama pale mbele ya kamera kama mlingoti, hakutikisika. Mashabiki wanaipenda hadithi hiyo. Kampuni ya rekodi sidhani kama iliipenda vilevile.

Kati ya albamu za Magazine, yupo kwenye zipi?

Tatu za mwanzo: *Real Life* (1978), *Secondhand Daylight* (1979) na *The Correct Use of Soap* (1980). Ya kwanza aliisimamia John Leckie studioni, ya pili Colin Thurston, ya tatu Martin Hannett, yule yule aliyewarekodi Joy Division.

Ya kwanza ndiyo yenye gitaa wazi zaidi, na McGeoch anapiga saksafoni humo pia. "The Light Pours Out of Me", aliyoitunga na Devoto na Shelley, ni mdundo mmoja mzito usiogeuka, na gitaa linaukata kwa vipande vifupi kana kwamba linabana pumzi. Ya pili vinanda vimetawala, na humo gitaa mara nyingi linarudi nyuma. Ya tatu ni kavu, ya karibu, kila chombo kinasikika peke yake. Kwangu ndiyo bora. Wimbo wa kwanza, "Because You're Frightened", unatosha kumfundisha mtu jinsi gitaa linavyoweza kuwa na haraka bila kuwa na kelele.

Kwa nini aliondoka, kama mambo yalikuwa mazuri hivyo?

Mazuri kwa waandishi wa muziki. Sokoni hayakuwa mazuri. *Real Life* ilifika namba 29, *Secondhand Daylight* ikaishia 38, *The Correct Use of Soap* ikarudi 28. Hii ilikuwa bendi inayosifiwa kila wiki magazetini na isiyopata wimbo wa kuitoa. Wakati huohuo alikuwa ameshaanza kupiga na Banshees kama mgeni, na kule wimbo ulikuwa umeingia 20 bora. Mwaka 1980 akafanya uamuzi ambao watu wengi wangefanya.

Na Visage?

Visage ilianza kama mradi wa studio wa Steve Strange na Rusty Egan, pamoja na Midge Ure, naye Mskoti. McGeoch, Formula na Adamson waliingia wakitokea Magazine, Billy Currie akitokea Ultravox. "Fade to Grey" ilifika namba 8 Uingereza na namba 1 Ujerumani. Huo ni wimbo wa vinanda. Ukimtafuta McGeoch pale utachoka. Kwenye albamu yenyewe ya 1980 yupo, kwenye gitaa na saksafoni, lakini hii ilikuwa kazi ya pembeni na haina mengi ya kusimulia.

Alifikaje kwa Siouxsie and the Banshees?

Kupitia mkasa wa watu wengine. Septemba 1979, ziara ikiwa ndiyo kwanza imeanza, mpiga gitaa John McKay na mpiga dramu Kenny Morris waliondoka Aberdeen bila kuaga, onyesho likiwa usiku huohuo. Robert Smith wa The Cure, waliokuwa bendi ya kufungua, akapiga na bendi zote mbili kila usiku ili ziara imalizike. Budgie akashika dramu na hakuondoka tena.

Gitaa likabaki wazi. McGeoch akaitwa kwa ajili ya "Happy House", singo ya Machi 1980 iliyofika namba 17. Kile kipande cha juu anachokirudia wimbo mzima ni chepesi, kinang'aa, na kinatisha kwa sababu ya hayo mawili. Kisha ikaja "Christine", kisha albamu ya *Kaleidoscope*, ambayo aligawana gitaa na Steve Jones wa Sex Pistols kwenye baadhi ya nyimbo. *Kaleidoscope* ikafika namba 5. Kufikia hapo hakuwa mgeni tena.

Kwa nini watu wanaisema sana *Juju*?

Kwa sababu hapo ndipo kila kitu kilikaa mahali pake. *Juju* ilitoka Juni 1981, ikasimamiwa na Nigel Gray, aliyekuwa amewarekodi The Police, na ikafika namba 7.

Tazama bendi ilivyopangwa. Budgie anategemea sana tomu, zile ngoma nene za seti ya dramu, si sahani za shaba. Steven Severin anapiga besi inayobeba wimbo. Siouxsie hana haja ya kufuatwa. Sauti yake inakwenda inakotaka. Gitaa ni moja tu. Mtu wa kawaida katika nafasi hiyo angekung'uta kodi ili kuziba pengo. McGeoch alifanya kinyume: alidonoa nyuzi moja moja, akaacha baadhi zikilia wazi huku nyingine zikitembea, akakwaruza, akakaa kimya pale ambapo besi inatosha. Anayesikiliza muziki wa dansi atalielewa jambo hili haraka, kwa sababu analijua gitaa la pili ambalo halishindani na solo bali linaingia katika nafasi zinazoachwa. Tofauti ni kwamba hapa alikuwa solo na gitaa la pili kwa wakati mmoja.

Chukua "Spellbound". Gitaa linaanza peke yake, taratibu, nyuzi zikidonolewa moja baada ya nyingine, na bado hujui wimbo unaelekea wapi. Dramu zinaingia, na ghafla kuna gitaa kavu la nyuzi 12 linakung'utwa kwa kasi ambayo mkono unapaswa kuchoka. Hulioni kama gitaa la nyuzi 12 mpaka uambiwe. Unachosikia ni mngurumo wenye kung'aa pembezoni, na gitaa la umeme likipita juu yake. Hakuna solo. Hakuna nafasi ya solo, na huikosi. Hiki ndicho kipande ambacho Johnny Marr amekitaja mara kadhaa anapoulizwa kuhusu McGeoch.

Baada ya hapo sikiliza "Night Shift" kwa ajili ya upole unaogeuka, na "Monitor" kwa ajili ya mikwaruzo.

Alitumia vifaa gani?

Kwa miaka ya Magazine na Banshees, gitaa anayohusishwa nayo zaidi ni Yamaha SG1000, gitaa nzito ya Kijapani isiyokuwa ya kifahari kama Gibson iliyokuwa ikishindana nayo. Pedali yake maarufu, yaani kifaa cha kubadili sauti ya gitaa, ni flanja ya MXR, ile inayoifanya sauti ijizungushe kama inapita ndani ya bomba. Aliifunga kwenye stendi ya maikrofoni badala ya kuiacha sakafuni, ili aweze kugeuza vitufe kwa mkono katikati ya wimbo. Hapo ndipo ilipo siri, kwa wale wanaonunua pedali hiyo leo na kushangaa kwamba hawasikiki kama yeye: kwake flanja ilikuwa inachezwa, haikuwa inawashwa na kuachwa.

Nini kilitokea Madrid?

*A Kiss in the Dreamhouse*, albamu ya tatu na ya mwisho aliyofanya na Banshees, ilitoka Novemba 1982. Ni kazi ya kifahari yenye vinanda na ala za nyuzi, na McGeoch anapiga hata filimbi humo. Nyuma ya pazia hali ilikuwa mbaya. Miaka mitatu ya albamu, singo na ziara bila kupumua, na pombe ikawa ndiyo mapumziko. Mwishoni mwa 1982, kwenye maonyesho ya Madrid, msongo ulimshinda jukwaani. Bendi ikaachana naye muda mfupi baadaye, na Robert Smith akaitwa tena kuokoa ziara.

Wapo wanaoilaumu bendi kwa kumwacha mgonjwa, na wapo wanaosema hakukuwa na njia nyingine kwa watu waliokuwa na tarehe za maonyesho mbele yao. Mimi nadhani mwenye kulaumiwa zaidi ni ule utaratibu wa kazi wenyewe: mpiga gitaa akianguka anabadilishwa ili basi liendelee na safari. Miaka ya baadaye Siouxsie amekuwa hafichi kwamba McGeoch ndiye mpiga gitaa aliyempenda kuliko wote.

The Armoury Show ilikuwa nini?

Jaribio la kuunda bendi kubwa kwa kukusanya watu wazuri. Mwaka 1983 Richard Jobson na Russell Webb, waliokuwa The Skids, waliungana na McGeoch na John Doyle wa Magazine. Albamu ikawa moja tu, *Waiting for the Floods* ya 1985. Singo ya "Castles in Spain" inasikilizika hadi leo, lakini albamu imetengenezwa kwa sauti pana za katikati ya miaka ya 1980, na zile nafasi tupu alizokuwa akizitumia vizuri zimejazwa zote. Akaondoka 1986.

Ilikuwaje na Public Image Ltd (PiL)?

John Lydon alikuwa akimtaka kwa muda. McGeoch aliingia 1986, wakati wa ziara, na akakaa hadi bendi ilipositishwa 1992. Kwa miaka hiyo hakuna mwingine, ukimtoa Lydon, aliyekuwa amedumu PiL muda mrefu hivyo.

Mwanzo ulikuwa wa damu. Septemba 1986 huko Vienna mtu katika umati alirusha chupa kubwa ya mvinyo ikampata usoni. Alishonwa, na akarudi kazini.

Alirekodi nao *Happy?* (1987), *9* (1989) na *That What Is Not* (1992). Hizi si albamu zinazotajwa watu wanapoorodhesha kazi kubwa za PiL. Heshima hiyo hupewa zile za 1978 hadi 1981. Hata hivyo "Seattle" ni wimbo uliojengwa vizuri kabisa, na "Disappointed" ulifika namba 1 kwenye chati ya roki mpya ya Marekani mwaka 1989, mwaka ambao PiL walizunguka nchi hiyo pamoja na New Order na The Sugarcubes. Kwa kipato na utulivu, huenda hii ndiyo miaka yake bora.

Alifanya nini baada ya 1992?

Alijaribu kuunda bendi mpya na watu aliowafahamu, akiwemo Glenn Gregory wa Heaven 17, lakini hakuna kilichofika sokoni. Katikati ya miaka ya 1990 akasomea uuguzi. Watu hushtuka wakisikia hivyo, kana kwamba ni aibu. Mimi sioni aibu yoyote. Miaka ya mwisho alikuwa amerudi kwenye muziki kwa upande wa televisheni.

Ni akina nani wanamtaja kama mwalimu wao?

Johnny Marr, John Frusciante wa Red Hot Chili Peppers, na Jonny Greenwood na Ed O'Brien wa Radiohead. Radiohead waliwahi hata kupiga "Shot by Both Sides" jukwaani. BBC Radio 2 ilirusha makala kumhusu mwaka 2008, na wasifu wake ulioidhinishwa na familia ulichapishwa 2022, miaka 18 baada ya kifo chake.

Je, ana uhusiano wowote na muziki wa Afrika Mashariki?

Yeye mwenyewe hapana. Ila kiti chake kina uhusiano, na ni jambo linalofurahisha. Alipoondoka Magazine, gitaa lilishikwa na Robin Simon, kisha kwenye albamu ya 1981 likashikwa na Ben Mandelson. Huyo Mandelson ndiye baadaye aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa lebo ya GlobeStyle, iliyotoa mfululizo wa taarab ya Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, zikiwemo rekodi za Ikhwani Safaa na Culture Musical Club. Zaidi ya hapo, Lu Edmonds, aliyepiga na McGeoch ndani ya PiL, alikuwa na Mandelson katika bendi ya 3 Mustaphas 3. Dunia ya wapiga gitaa ni ndogo.

Nianzie wapi kusikiliza?

*Juju* yote, bila kuruka. Kisha *The Correct Use of Soap*, kisha singo za Banshees za 1980, hasa "Happy House" na "Israel". *Real Life* iache iwe ya nne, ingawa mashabiki wa zamani watakukaripia. Tumia spika zenye besi au vipokea sauti vizuri. Kwenye simu tupu Severin na Adamson wanapotea, na bila besi zao hutaelewa gitaa linajibu nini.

Kuna nyimbo anazopewa kimakosa?

Nyingi. "Rise" ya PiL si yeye. Gitaa la albamu ile ya 1986 ni Steve Vai, na McGeoch aliupiga wimbo huo jukwaani tu. "Dear Prudence" ya Banshees, iliyofika namba 3 mwaka 1983, ni Robert Smith. "Cities in Dust" ni John Valentine Carruthers. "Hong Kong Garden" ya 1978 ni John McKay, kabla hajapotelea Aberdeen. Albamu ya jukwaani ya Magazine iitwayo *Play* ni Robin Simon. Na ukiona video ya Magazine waliporudi 2009, aliyesimama upande wa gitaa ni Noko.